Maji Yanatoka au Hayatoki? Maneno kwa wahitimu wanaokwenda kufanya kazi ya mawasiliano serikalini

(Hotuba hii niliitoa Dodoma mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada za uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Naitoa yote, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliopata nafasi ya kuja, nanyi vijana wangu mnaomaliza mwaka huu: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye salamu zangu hazijamfikia, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme nanyi juu ya kuanza kazi ya mawasiliano serikalini. Ni kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na sita, na sita ya kwanza niliitumikia halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Naomba nianze na karatasi. Karatasi yenyewe ninayo hapa, imekunjwa, na kona moja imeliwa na mchwa.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu kazini. Mkurugenzi aliniita akasema mafundi wanabadilisha bomba kuu, andika tangazo. Nikaandika. Sikilizeni nilichoandika: "Wananchi mnataarifiwa kuwa, kutokana na zoezi la uboreshaji wa miundombinu ya usambazaji wa huduma ya maji linaloendelea, kutakuwa na upungufu wa upatikanaji wa huduma hiyo katika baadhi ya maeneo kwa kipindi cha mpito. Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Sahihi, muhuri, tarehe. Nilikuwa na shahada yangu mpya, na niliona nimeandika kama msomi.

Asubuhi nikaenda mwenyewe kuibandika kwenye kioski cha maji pale stendi, na gundi ya unga wa muhogo niliyokoroga nyumbani. Nikiwa bado nabonyeza kona za karatasi, mama mmoja akatua madumu yake mawili ya njano, akasogea, akaanza kusoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akanigeukia: "Baba, kwa hiyo kesho maji yanatoka au hayatoki?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyeandika tangazo, sikuwa na jibu! Sikumuuliza fundi ni mitaa gani. Sikumuuliza ni siku ngapi. Sikumuuliza kama usiku yatafunguliwa watu wachote. Nilikuwa nimeandika maneno arobaini hivi, na hakuna hata moja ambalo mama yule angeweza kulitumia kuamua kama ajaze madumu mawili au sita.

Vijana wangu, swali la mama yule ndilo lililonifundisha kazi. Katika yote nitakayosema leo nitalirudia, na kila mara mlisikie kwa sauti yake: maji yanatoka au hayatoki?

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia, maana najua ndiyo shauku yenu.

Nafasi zenu nyingi zitatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Jina la kazi mtakalolikuta mara nyingi ni Afisa Habari Daraja la II, ngazi ya mshahara TGS D. Someni tangazo lote, mpaka masharti ya mwisho. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Vyeti viwe vyenyewe, kwa sababu hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Na leo mkirudi bwenini, tandazeni vyeti vyenu kitandani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, na kile mtakachopewa hapa. Angalieni jina. Herufi moja tu. Kama cha kuzaliwa kinasema Saidi na cha kidato cha nne kinasema Said, shughulikieni leo, msingoje tangazo litoke halafu siku tatu kabla ya mwisho ndipo muanze kumtafuta wakili. Nimeona vijana hodari wakikosa nafasi kwa herufi moja, na inauma.

Ukiitwa, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, mara nyingine kuna wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Niliwahi kukaa kwenye jopo kama mtaalamu, na swali tulilouliza lilikuwa hili: wananchi wamefunga barabara kwa mawe kwa sababu mkandarasi ameondoka kazi haijaisha, mwandishi wa redio anakupigia simu, mkurugenzi yuko safarini. Unafanya nini? Wengi walitupa tafsiri ya mawasiliano kama ilivyo kwenye daftari. Mmoja alisema atamwambia mwandishi kwamba serikali inalifanyia kazi suala hilo. Akaingia binti mmoja, sauti ndogo, akatuliza mikono mezani, akasema: "Kwanza nitauliza leo nani anakaimu. Mimi si msemaji, mimi ni mtayarishaji wa msemaji. Nitamwambia mwandishi anipe nusu saa, na nitaitunza hiyo nusu saa. Halafu nitampigia mhandisi nimuulize mambo matatu: mkandarasi yuko wapi, anarudi lini, na wagonjwa wa upande ule wanapita wapi leo."

Wagonjwa wanapita wapi leo! Hakuna aliyemfundisha binti yule swali la mama wa kioskini, lakini alikuwa nalo tayari. Alipata kazi, na aliistahili.

Mkishaingia, mtakwenda wapi? Wachache mtabaki hapa Dodoma wizarani. Wengi mtakwenda halmashauri, na huko kitengo cha mawasiliano kinaweza kuwa wewe, kamera moja na kiti. Utapiga picha, utaandika habari, utaweka taarifa kwenye tovuti, utaandaa risala, utakimbia na msafara wa Mwenge wa Uhuru tangu alfajiri, utakaa kwenye Baraza la Madiwani mpaka jioni. Mwaka wa kwanza uko kwenye majaribio, hujathibitishwa, na kila mtu anataka picha yake itoke.

Hapa nina neno. Kwa mwaka huo wa kwanza, nenda masjala, kule mafaili na barua za ofisi zinakotunzwa. Ndugu zangu, nenda masjala! Yule mtunza kumbukumbu anayekaa nyuma ya dirisha dogo, anayejua faili gani limetoka na liko mezani kwa nani, ndiye mwalimu wako wa kwanza. Mimi nilifundishwa na mama mmoja wa masjala aliyekuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Alinionyesha jinsi barua inavyoingia, inavyopewa namba, inavyopanda kwa mkurugenzi, inavyoshuka kwa mkuu wa idara na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni. Alinifundisha kusoma dokezo, yale maelezo mafupi ambayo maofisa huandikiana ndani ya faili, kuanzia chini kwenda juu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa najua kwa nini zahanati fulani haikufunguliwa, na nilijua kutoka kwenye faili, si kwenye uvumi wa kantini. Utaandikaje habari za ofisi usiyoijua? Utamjibuje mwananchi, kama wewe mwenyewe hujui fedha za darasa zilifika lini na zimekwamia meza gani?

Halafu panda gari. Gari la maji likienda kijijini, panda. La chanjo likienda, panda. Kaa nyuma na mabomba na masanduku. Afisa habari anayeijua wilaya kupitia misafara ya viongozi tu, ameiona siku ambayo imefagiliwa.

Na hapa sina budi niwaambie kosa langu, kwa sababu nilijifunza kwa gharama ya watu wengine.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa na kampeni ya chanjo ya surua. Niliandika tangazo, na safari hii nililiandika vizuri: zahanati gani, saa ngapi, watoto wa umri gani, waje na kadi ya kliniki. Nilikumbuka swali la mama wa maji. Lakini niliandika "Jumatano tarehe 23", na tarehe 23 ilikuwa Alhamisi. Watendaji wa vijiji wakalisoma kama lilivyo. Misikitini na makanisani likasomwa. Waliosikia tarehe wakajipanga kwa Alhamisi. Waliosikia siku wakajipanga kwa Jumatano.

Jumatano saa tatu asubuhi simu ikaita. Kwenye zahanati ya mwisho kabisa, mpakani mwa wilaya, akina mama zaidi ya thelathini walikuwa wamekaa chini ya mwembe na watoto, na muuguzi hana chanjo, kwa sababu sanduku la baridi lilipangwa kufika kesho yake. Mganga Mkuu wa Wilaya hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Panda." Tukaenda.

Tulipofika wengi walikuwa bado wamekaa, hawataki kuamini kwamba wamekuja bure. Mama mmoja alikuwa ametoka kwake saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, nikamwomba arudi kesho. Hakupandisha sauti. Alikaza kanga yake akasema, "Baba, kesho sirudi. Kesho napalilia shamba la watu, ndiyo hela ya unga." Siku ile ya Jumatano ilikuwa yake ya kupumzika. Mimi niliichukua kwa neno moja.

Tuliandika majina yao na vitongoji vyao kwenye daftari la mazoezi. Ijumaa tukarudi na sanduku la baridi, tukawafuata huko huko. Mtoto wa mama yule nilimwona anachanjwa, mlangoni kwao, mimi nimeshika daftari. Wapo wengine wanne ambao hatukuwapata kwa wiki nzima, na majina yao niliyabeba mpaka yalipofutwa moja moja.

Tangu siku hiyo sitoi tangazo bila mambo mawili. La kwanza, kalenda iko mezani na kidole kinagusa tarehe. La pili, namsomea mtu mwingine kwa sauti. Msomee dereva, msomee mlinzi wa getini, msomee mama wa usafi, kisha umuulize: umeelewa nini, na utafanya nini? Akisita, rudi mezani ukaandike upya.

Na ukikosea, sahihisha siku ile ile, kwa jina lile lile, mahali pale pale ulipokosea. Usifute kimyakimya. Mwananchi aliyeona tangazo la jana akakuta la leo tofauti na hakuna maelezo, kesho hataamini hata lile la kweli.

Ndugu wahitimu, iko siku maafa yatafika kwenye wilaya yako, na swali la mama wa maji litaulizwa na watu maelfu kwa saa moja.

Mnaikumbuka Hanang, kule mkoani Manyara. Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu walizikwa wazima. Kabla tope halijakauka, simu zilijaa sauti za watu wakisema ni volkano, mlima umelipuka, utalipuka tena. Jiwekeni mahali pa baba aliyebaki Katesh na watoto watatu. Swali lake ni nini? Nikimbie au nikae?

Mimi sikuwepo Hanang, lakini nilifuatilia zile siku kama mtu anayesoma darasani. Serikali, kupitia Msemaji Mkuu wa wakati ule, ilitoa taarifa mfululizo. Idadi ya waliofariki ilipanda siku hadi siku mpaka ikavuka 80, na kila mara namba ilisemwa upya. Na wataalamu wa miamba walipokwisha kuangalia, wananchi wakaelezwa kwa maneno yanayoeleweka: si volkano, sehemu ya mlima ilinyonya maji, ikalegea, ikameguka, ikageuka tope. Baba wa watoto watatu akajua anachoogopa ni kitu gani.

Kuna viongozi wanaogopa namba inayobadilika. Watakwambia tusubiri, tusiseme 47 leo halafu kesho tukasema 60, tutaonekana hatujui. Nawaomba mjifunze kuwaeleza kwa heshima: namba ya maafa hutembea na saa yake. Ukiandika "hadi saa 12 jioni ya leo", hakuna atakayekuita mwongo kesho ikipanda. Ukinyamaza, namba itatolewa na mtu mwingine, na yeye hana hospitali aliyoipigia simu.

Na "bado hatujajua" nayo ni taarifa. Machi 16, 2023 Wizara ya Afya ilieleza kwamba Kagera kuna ugonjwa ambao haujafahamika na sampuli zimechukuliwa. Machi 21 jina likatajwa: Marburg. Zile siku tano katikati hazikuwa za kimya. Watu wa Bukoba walijua kuna jambo na walijua linachunguzwa.

Sasa waandishi wa habari. Wengi wenu mmesoma nao darasa moja, mmekaa nao benchi moja, halafu kesho wewe uko ndani ya ofisi na mwenzako yuko nje anagonga. Je, amegeuka kuwa adui?

Kijana mmoja wa redio ya jamii alikuja kwangu kuuliza kwa nini kituo cha afya hakina dawa za presha kwa wiki tatu. Nilipeleka swali juu. Jibu likarudi: mwambie aandike barua. Akaandika. Barua ikapewa namba, ikakaa. Siku ya nne, ya tano, ya sita. Siku ya saba habari ikatoka hewani, na ndani yake ilikuwemo ile sentensi mnayoijua: "Juhudi za kumpata mkurugenzi kueleza suala hilo hazikuzaa matunda." Jioni ile simu za mkurugenzi hazikukoma. Na unajua kilichokuwa ndani ya faili? Dawa zilikuwa zimeagizwa, zimelipiwa, na zilikuwa zinafika ndani ya siku mbili. Tulikuwa na jibu zuri na tulikaa juu yake! Wazee wa presha waliteseka kwa wasiwasi ambao ungekwisha kwa sentensi moja.

Siku utakayoripoti kazini utasaini kiapo cha kutunza siri. Kisaini na ukiheshimu, kwa sababu zipo siri za kweli: faili la mgonjwa, uchunguzi wa polisi, ulinzi wa nchi. Lakini ujue pia kwamba Katiba yetu, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Ujue kwamba iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, na kwamba anayeomba taarifa anapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Isome yote, na isome pamoja na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka huo huo. Kiongozi akikwambia "hilo tusiseme", muulize kwa adabu: mheshimiwa, ni siri kwa kifungu gani? Mara nyingi utakuta si siri, ni uzito tu wa kuanza kusema. Na hapo kazi yako ni kumtayarishia sentensi tatu, fupi, za kweli, zilizohakikiwa na mkuu wa idara, umwekee mezani. Nimegundua kwamba viongozi wengi hawakatai kusema. Wanakosa mtu wa kuwatayarishia cha kusema kwa wakati.

Nigusie picha, halafu nimalize. Utepe utakatwa, nawe utapiga, ni sehemu ya kazi. Lakini ukishapiga utepe, usipande gari na msafara. Ngoja. Ngoja watu waondoke, vumbi litulie, yule bibi wa nyumba ya tatu aje na ndoo yake, afungue koki kwa mkono wake, aangalie kama kweli. Piga hiyo. Uliza bei ya ndoo, uliza koki inafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, uyaandike majibu chini ya picha.

Nimeongea kwa muda niliopewa. Ile karatasi ya maji niliyowasomea mwanzoni, nimeitolea nakala, ziko pale mezani karibu na mlango. Kwenye ubao nitawaandikia yale ambayo baadaye fundi aliniambia: mitaa minne, siku tatu, maji yanafunguliwa saa mbili usiku mpaka saa tano, na gari la maji litasimama sokoni asubuhi. Chai iko tayari, lakini kabla ya chai kila mmoja achukue kalamu aliandike tangazo lile upya, kwa maneno yasiyozidi hamsini, kisha amsomee jirani yake kwa sauti. Nitapita katikati yenu kusikiliza. Na nimemwomba yule mama anayepika chai mlangoni aje akae nasi, ndiye atakayetuambia kama ameelewa.